Kiraka, Pachi au Mchoro? Uhakiki wa Lugha ya Programu ya Muziki ya Pure Data kwa Mtumiaji wa Kiswahili Mjini Kigali

Ikisiri
Makala haya yanahakiki lugha ya Pure Data, programu huria ya kuunda muziki papo kwa papo kwa njia ya michoro, kwa kuzingatia mtumiaji wa Kiswahili mjini Kigali. Inadaiwa kwamba kutafsiri menyu pekee hakutoshi, na kwamba kutafsiri majina ya msingi ya programu kutaleta madhara. Nafasi ya kweli ya Kiswahili imo katika maelezo, mafunzo na sehemu za programu ambazo mtumiaji huziunda na kuzipa majina mwenyewe.

1.0 Utangulizi
Mwaka 2017 Rwanda iliongeza Kiswahili katika lugha zake rasmi, kikajiunga na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Hadhi ya kisheria, hata hivyo, haizai matumizi yenyewe. Lugha hukua pale watu wanapoitumia kufanya kazi ambayo hapo awali waliifanya kwa lugha nyingine. Utengenezaji wa muziki kwa kompyuta ni kazi ya namna hiyo: msamiati wake karibu wote ni wa kigeni, ilhali mali ghafi yake, yaani ngoma, nyuzi na sauti za waimbaji, ni ya wenyeji.

2.0 Programu na utendaji wake
Katika miaka ya 1980 Miller Puckette aliunda programu ya Max katika taasisi ya IRCAM jijini Paris. Katika miaka ya 1990, akiwa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliandika Pure Data na kuitoa kwa leseni huria. Max iliendelea kuwa bidhaa ya kuuzwa. Pure Data mtu huichukua bure, huibadilisha na kuigawa. Hufanya kazi hata katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, jambo lenye uzito kwa chuo au msanii mwenye bajeti finyu.

Mtumiaji wa programu hii hahitaji kuandika mistari ya maagizo. Huweka visanduku kwenye ukurasa mtupu na kuviunganisha kwa nyaya. Kisanduku cha osc~ huzalisha wimbi la sauti, *~ hupunguza nguvu zake, na dac~ hulipeleka kwenye spika. Alama ya wimbi mwishoni mwa jina hutofautisha njia ya sauti na njia ya ujumbe wa kawaida. Kwa kawaida sauti hukokotolewa kwa mafungu ya sampuli 64. Kompyuta ikitumia sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu moja hudumu takriban milisekunde 1.45. Ndiyo maana mpigaji anaweza kubadili mchoro huku muziki ukiendelea.

3.0 Mitego ya tafsiri
Ukurasa wa visanduku huitwa kwa Kiingereza jina ambalo kamusi hulifasiri kuwa “kiraka”. Tafsiri hiyo inapotosha. Kiraka huziba palipochanika, ilhali jina la asili limetokana na nyaya zilizounganisha sehemu za vinanda vya kielektroniki. “Pachi” ingekuwa sauti tupu isiyoeleza kitu. “Mchoro” unafaa zaidi, kwa kuwa mtumiaji huchora kile kitakacholia. Vivyo hivyo, “papo kwa papo” ni bora kuliko “wakati halisi”, kwani wazungumzaji wanayo tayari. Ubishi wa tarakilishi na ngamizi ulikwisha onyesha kwamba istilahi haipati uhai kwa kutangazwa tu. Watu waliendelea kusema kompyuta.

Majina ya visanduku ni suala jingine. Mchoro huhifadhiwa kama faili la matini, na jina la kila kisanduku huandikwa humo. Iwapo osc~ itageuzwa kuwa wimbi~ katika toleo la Kigali pekee, mchoro huo hautalia Nairobi wala Paris. Tafsiri ya aina hiyo ingemtenga mtumiaji badala ya kumkomboa.

4.0 Sikio lililofichika
Uhakiki usiishie kwenye maneno. Kisanduku cha mtof hugeuza namba ya noti kuwa hezi: namba 69 hutoa hezi 440, na kila hatua moja ni sehemu ya kumi na mbili ya oktava. Huu ni mpangilio wa kinanda cha Ulaya. Mpiga inanga wa Rwanda halazimiki kuufuata anapokaza uzi wake. Ni kweli kwamba mtof hupokea desimali, na osc~ hupokea hezi yoyote; kwa hiyo programu haimzuii mtu. Lakini njia iliyo rahisi humwelekeza mwanagenzi upande mmoja, naye anaweza kudhani kwamba kidatu kisichoangukia kwenye namba kamili kimekosewa. Mwongozo wa Kiswahili unaotafsiri mifano iliyopo bila kuongeza mingine utahamisha dhana hiyo pamoja na maneno.

5.0 Mahali pa Kiswahili
Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mfano huo ni wa heshima, ila haufai kunakiliwa bila kufikiri. Katika kuandika barua, menyu hubeba sehemu kubwa ya lugha ya kazi. Katika Pure Data, menyu ni chache na lugha imo ndani ya visanduku.

Hata hivyo, programu yenyewe imeacha mlango wazi. Mchoro ukihifadhiwa kwa jina fulani, jina hilo huweza kuandikwa ndani ya kisanduku na kuutumia kama sehemu ya mchoro mwingine. Mwalimu wa Kigali anaweza kuunda kisanduku kiitwacho ishakwe, kwa jina la ngoma ndogo inayoongoza mdundo wa Kinyarwanda, na kuandika kando yake maelezo ya Kiswahili. Faili hizo zikisafiri pamoja, kisanduku kitalia Kampala na Zanzibar bila kuvunjika.

Hapa Kiswahili na Kinyarwanda havishindani. Ngoma na ingoma ni ndugu, ingawa ingoma humaanisha pia utawala wa mfalme. Inanga, kwa upande wake, humkumbusha msomaji wa pwani nanga ya chombo baharini. Jina libaki la Kinyarwanda, Kiswahili kilieleze.

6.0 Hitimisho
Kazi ya tafsiri ikipimwa kwa idadi ya menyu zilizogeuzwa, Pure Data itaonekana imekamilika ilhali mwanafunzi bado hajaelewa kitu. Washauri wa sera wagharimie kwanza mwongozo uliotungwa kwa Kiswahili, kisha maktaba ya michoro ya ala za eneo hili yenye vipimo vya hezi vilivyochukuliwa kwa wapigaji wenyewe, kwa ridhaa yao. Majina ya msingi yaachwe yalivyo. Kipimo cha mafanikio kiwe mchoro uliotungwa Kigali na kueleweka Dar es Salaam.