Nyanya wa Kudaiwa na Bankambo wa Kukumbukwa: Nasaba katika Matini Mbili za Kiswahili kuhusu Kongo

Utangulizi

Kila inapozungumziwa habari ya kuhifadhi historia ya jamaa, shauri linalotolewa ni lile lile: wazee waulizwe kabla hawajafariki, na maneno yao yaandikwe. Shauri hilo ni jema, wala hakuna mwenye sababu ya kulipinga. Lakini lina upungufu mmoja. Linachukulia kwamba kumbukumbu ya babu na nyanya ni kitu kilichokwisha kukamilika, kinachongoja tu kutolewa ghalani kama nafaka. Kumbe masimulizi ya nasaba hutolewa na mtu fulani, mbele ya mtu fulani, kwa haja fulani. Anayeyahifadhi masimulizi bila ya kuihifadhi haja hiyo huwa amehifadhi nusu yake tu, na pengine nusu ile isiyo na manufaa makubwa kwa wajukuu.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kulinganisha matini mbili za Kiswahili ambazo kwa kawaida hazisomwi pamoja. Ya kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, aliyoiandika mfanyabiashara huyo kwa hati za Kiarabu, na ambayo Heinrich Brode aliihamishia katika hati za Kilatini na kuichapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Ya pili ni Vocabulaire de ville de Elisabethville, iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya watumishi wa majumbani wa mji ambao leo unaitwa Lubumbashi. Moja ni ya tajiri wa Unguja aliyetawala sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Nyingine ni ya watu waliopika na kufua nguo katika nyumba za Wazungu. Katika zote mbili waliotangulia wanaitwa kutoa ushahidi, na namna wanavyoitwa inafundisha mengi.

Nyanya wa Tippu Tip

Miongoni mwa sehemu zinazojulikana sana za Maisha ni ile inayoeleza jinsi Tippu Tip alivyoupata utawala wa Utetera, katika nchi iliyo kati ya mto Lomami na mto Lualaba. Mambo hayo yalitokea kabla ya mwaka 1874, alipokutana na msafiri Mwingereza Cameron. Sultani wa Utetera, Kasongo Rushie, alikuwa mzee, na dada zake walikuwa wametekwa zamani na kuchukuliwa hadi nchi ya Waluba. Tippu Tip alikuwa amekwisha kuisikia habari hiyo alipofika mbele yake. Akamweleza kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir el Wardi, alipata mwanamke katika pande hizo, na kwamba mwanamke huyo, aliyekuwa mmoja wa wale dada, ndiye nyanya yake. Kasongo Rushie aliyakubali maneno hayo, akampokea mgeni kuwa ni damu yake, akamkabidhi nchi.

Wanahistoria kwa jumla wameiona habari hiyo kuwa ni ya kubuni, na ni vigumu kuwapinga. Hata hivyo, mhakiki akiishia kwenye hukumu ya kweli au uongo atakuwa ameyapita mambo mawili ya maana.

La kwanza ni kwamba hila hiyo isingefaulu mahali ambapo nasaba haina nguvu. Tippu Tip alikuwa na bunduki na watu wengi. Angeweza kuitwaa nchi kwa vita, kama alivyofanya kwingineko. Alichagua kuingia kwa mlango wa ujamaa kwa sababu alifahamu kwamba utawala unaopatikana kwa njia ya nyanya hudumu kuliko unaopatikana kwa baruti. Kwa hiyo, hata kama habari yenyewe ni ya uongo, inashuhudia jambo la kweli kuhusu jamii ya Utetera: mtoto wa dada aliyepotea alikuwa na haki ya kurudi nyumbani na kurithi.

La pili linamhusu nyanya mwenyewe. Anaingia katika masimulizi kwa sababu anahitajiwa, na haja ikitimizwa anatoweka. Msomaji hapati kujua alisema lugha gani katika nchi ya ugeni, aliwasimulia nini watoto wake, wala kama aliwahi kutumaini kurudi kwao. Anabaki kuwa cheti cha mjukuu. Iwapo aliishi kweli mwanamke wa aina hiyo, na bila shaka wengi waliotekwa katika nchi hizo waliishi na kuzaa mbali na kwao, basi hadithi yake ilipotea siku ile ile ilipokuwa ikitumiwa. Ndipo inapoonekana hatari isiyotajwa katika lile shauri la kuwaandika wazee: mzee anaweza kutajwa, kuandikwa na kuchapishwa, na bado akapotea.

Bankambo katika Vocabulaire

Matini ya pili inaelekea upande mwingine kabisa. Hii ni hati fupi iliyopigwa kwa mashine ya kuandikia, isiyofuata kanuni za tahajia ya Kiswahili sanifu wala za kugawanya maneno. Inasimulia habari za ukoloni wa Wabelgiji kuanzia enzi za Leopold II, kama zilivyoonekana na wale walioitwa «boyi». Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 huko Amsterdam pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Inafaa kukumbukwa kwamba Fabian hakuweza kuifasiri kwa macho peke yake. Ilibidi Kalundi Mango aisome kwa sauti, ndipo maneno yaliyounganishwa na kukatwa ovyo yalipopata maana. Matini hiyo iliandikwa na watu waliokuwa wakiisikia, na inamtaka msomaji naye aisikie.

Katika Kiswahili cha Lubumbashi neno «nkambo», na wingi wake «bankambo», humtaja babu na nyanya pamoja, na vilevile wote waliotangulia. Ndiyo maana upana wake unafaa kuielezea kazi ya Yav. Msimuliaji hatafuti babu wa damu atakayempa cheo. Anasema kwa niaba ya kundi la watu waliotoka makabila mbalimbali, ambao hawakuwa na ukoo mmoja, lakini walikuwa na kazi moja, mabwana wa aina moja na mji mmoja. Kwa njia hiyo, watumishi wa kwanza wa Elisabethville, mji ulioanzishwa mwaka 1910 reli ilipowasili kutoka Rhodesia, wanageuzwa kuwa bankambo wa wote waliowafuata. Ukoo wa kazi unachukua nafasi ya ukoo wa damu.

Thamani kubwa ya Vocabulaire iko hapo. Haikuandikwa ili mtu mmoja apate haki juu ya nchi, bali ili kundi lisisahau lilivyotendewa na lilivyostahimili. Tarehe zake si zote zinazokubaliana na zile za vitabu vya historia, na mfuatano wa mambo mara nyingine unakatika. Lakini kuisoma kwa lengo la kusahihisha tarehe ni sawa na kumkatiza mzee kila anapovuta pumzi. Jan Vansina alionyesha tangu mwaka 1961, katika De la tradition orale, kwamba ushahidi wa mdomo hauna budi kuhakikiwa kama ushahidi wa aina nyingine yoyote. Kuhakiki huko kunadai kwanza kujua ushahidi ulitolewa ili kumjibu nani.

Pamoja na sifa hizo, matini ya Yav nayo ina pengo. Utumishi wa nyumbani katika Kongo ya Wabelgiji ulikuwa karibu wote wa wanaume. Basi «sisi» inayosema humo ni sisi ya wanaume. Wake waliowangoja usiku katika mtaa wa Waafrika, waliolea watoto na kuwafundisha lugha ya mji, hawana sauti yao wenyewe. Kwa njia tofauti kabisa, mtumishi wa Elisabethville na tajiri wa Unguja wanakutana hapa: nyanya hasemi.

Nasaba na hatima ya watu

Huenda msomaji akauliza kama suala hili lina uzito wowote nje ya darasa la fasihi. Historia ya Katanga inajibu kwamba linao, na uzito wake umewahi kulipiwa kwa maisha ya watu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuwapa wafanyakazi mikataba ya miaka 3 na kuwataka waje na wake zao. Wengi walitoka Kasai na Lomami, na wengine Ruanda-Urundi. Watoto wao walizaliwa kambini, na wajukuu wao hawakuwa na kijiji kingine wanachokijua. Hata hivyo, mwaka 1992 na 1993, wakati jimbo lilipokuwa likiitwa Shaba, watu wengi mno wenye asili ya Kasai walifukuzwa, hasa Likasi na Kolwezi. Wakarundikana kwenye vituo vya gari la moshi wakingoja kupelekwa katika nchi ambayo baadhi yao hawajapata kuiona. Swali waliloulizwa lilikuwa swali la nasaba: nkambo wako alitoka wapi? Jibu lilichukuliwa kuwa ni jina la mahali tu. Hakuna aliyeuliza nkambo huyo alifanya nini hapa, alichimba shimo gani, alijenga reli ipi, alizikwa wapi.

Katika Utetera, nyanya mmoja wa kudaiwa alimfanya mgeni kuwa mwenyeji. Katika Shaba, babu wa kweli aliwafanya wenyeji kuwa wageni. Mara zote mbili masimulizi ya ukoo yalipunguzwa hadi kubaki na kiungo kimoja, kile kilichohitajiwa na mwenye nguvu. Jamaa iliyohifadhi jina la babu pekee haikuwa na la kujibu. Iliyohifadhi maisha yake mazima ilikuwa angalau na hoja. Hoja hiyo haikuizuia treni, lakini ndiyo iliyobaki mikononi mwa wajukuu.

Njia ya kuhifadhi

Tangu miaka ya 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambao Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameushughulikia, umekusanya masimulizi ya wakazi, picha na vyombo vya nyumbani. Kazi hiyo imeonyesha kwamba sufuria, cherehani au picha ya arusi inaweza kumfungua mzee kinywa kuliko orodha ndefu ya maswali. Ulinganisho uliofanywa hapa unaongeza mambo matatu, hasa kwa wanafunzi wanaoandika kazi zao za mwisho wa masomo.

Kwanza, maneno ya mzee yaandikwe katika Kiswahili chake, kabla ya kutafsiriwa katika Kifaransa au kunyooshwa kwa Kiswahili sanifu. Mfano mdogo unatosha. Mwanafunzi akimsikia mzee wa Lubumbashi akitaja «bibi» yake, kisha akaandika kwa mujibu wa kamusi, wasomaji wa pwani watafahamu kuwa ni nyanya, kumbe mzee alikuwa akimtaja mke wake. Kizazi kizima kitakuwa kimehamishwa kwa neno moja.

Pili, kila masimulizi yafuatane na mazingira yake: nani aliuliza, nani wengine walikuwapo, na jamaa ilikuwa na shauri gani siku hiyo. Babu anayesimulia wakati wa ugomvi wa kiwanja hasimulii kama yule anayesimulia matangani. Waluba walilijua jambo hili zamani. Lukasa, ubao wao wa kumbukumbu wenye shanga na michoro, haukusomwa na kila mtu wala haukusomwa kwa namna moja. Wataalamu wa chama cha Mbudye waliusoma kulingana na tukio na wasikilizaji. Wenye ubao hawakudhani kwamba ubao peke yake unasema.

Tatu, nyanya waulizwe kwa ajili yao wenyewe, wasiulizwe kama mashahidi wa waume zao. Ni wao wanaojua posho ya kampuni iligawanywaje, ni lugha ipi iliyoshinda jikoni wakati baba na mama hawakuwa na lugha moja, na kwa nini mtoto fulani alipewa jina la marehemu fulani. Majibu hayo hayapatikani katika Maisha wala katika Vocabulaire, na hakuna hati ya tatu iliyofichwa itakayoyatoa.

Hitimisho

Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905 akiwa ameacha kitabu. Nyanya aliyemdai hakuacha hata sentensi moja. Watumishi wa Elisabethville waliacha hati yao kwa kuwa mmoja wao aliona kwamba mambo yao yanastahili karatasi. Wale waliowasili kambini katika miaka ya 1920 wamekwisha kufariki, na wajukuu wao sasa ndio wanaoitwa wazee katika mitaa ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Wanayoyajua kuhusu bankambo wao waliyapata kwa kusikia, nyakati za jioni, mara nyingi kutoka kwa mwanamke ambaye hakuna aliyefikiri kumwandika. Kazi ya uhakiki wa Kiswahili katika chuo kikuu cha Kongo ingepungukiwa sana kama ingeendelea kuchambua kurasa zilizokwisha kuchapishwa Berlin na Amsterdam, na kuiacha ile inayosemwa uani, kwa sauti ya chini, bila ya msikilizaji mwenye kalamu.