Viazi Vilivyokula Jua

Kuanzia Kahama hadi Katoro, jioni haipiti bila harufu ya chipsi. Ila ufundi ninaousifu mimi hauko kwenye karai. Uko juu ya miamba ya Usukumani, wakati wa kiangazi, viazi vitamu vikishavunwa.

Hukaushwa kwa njia mbili, michembe na matobolwa. Viazi vya michembe huachwa kwanza vinyauke, kisha humenywa, hukatwa vibichi na kuanikwa. Vya matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo vikatwe na kuanikwa. Michembe haionji moto mpaka siku ya kupikwa, na hilo si jambo dogo Shinyanga, mkoa ambao miti yake iliisha hadi serikali ikaanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 kuirudisha. Jua halikatwi kwa shoka.

Mtazame mama anavyokata. Kiazi kimo kiganjani, kisu kinafuata kidole gumba, vipande vinadondoka kwenye ungo kwa unene ule ule. Kipande kikiwa kinene hubaki na maji ndani, kikaota ukungu. Kikiwa chembamba mno husagika guniani. Nilimwona mayu mmoja, yaani mama kwa Kisukuma, akivunja kipande karibu na sikio. Kilicholia kilikwenda guniani. Kilichopinda kilirudi mwambani. Nikamuuliza, "Mayu, hiki si kimekauka?" Akajibu bila kuniangalia, "Bado, mwanangu. Hakijasema."

Kule milima ya Andes, kilikotoka kiazi mviringo, wakulima huvigandisha viazi kwa baridi ya usiku, wakavikanyaga maji yatoke, kisha wakavianika. Wanaviita chuño, na hukaa miaka. Wao walipewa barafu, Wasukuma walipewa jua kali. Kila upande uliitazama hali ya hewa yake ukaifanya ghala.

Faida yake huonekana Novemba, mvua zinapoanza, jembe liko shambani na vihenge vimepungua. Hapo michembe huchemshwa, ikachanganywa na karanga zilizotwangwa, au ikaliwa na maziwa. Matobolwa hayasubiri jiko: ni matamu, yana ukakamavu wa tende, na yanamfaa yeyote anayeshinda mbali na nyumbani, awe mchunga ng'ombe au mchimbaji mdogo wa Geita.

Ningependa kuyaona matobolwa kwenye mahoteli ya Geita, yakiletwa na chai kabla ya chakula, na bei yake imeandikwa kwenye orodha pamoja na sambusa.