Ukwanguaji wa Ngozi ya Kwaga

Fundi wa kujaza ngozi za wanyama wa makumbusho hujulikana kwa ukwanguaji wake. Nyama ikisalia kwa ndani, wadudu hawachelewi. Mafundi wa karne ya 19 waliotengeneza kwaga hawakukwangua sawasawa, na leo tunawashukuru kwa kulipua kazi.

Kwaga alikuwa mnyama wa Afrika Kusini mwenye milia kichwani, shingoni na sehemu ya mbele ya mwili; nyuma alikuwa wa kahawia mtupu. Wa mwisho alifia Amsterdam mwaka 1883. Kwa miongo mingi wataalamu walibishana: awekwe na farasi au na punda milia? Kwato hazikusaidia. Jamii yote ya farasi, punda na punda milia husimama kwa kidole kimoja cha kati.

Mwaka 1969 Reinhold Rau, fundi wa makumbusho ya Cape Town, alimfumua mtoto wa kwaga ili amtengeneze upya. Ndani ya ngozi alikuta vipande vya nyama vimekauka na kugandamana. Mwingine angevifagia, Rau aliviweka. Baadaye alipata vingine kwenye kwaga wa Mainz, Ujerumani, na nyama ya huko ndiyo iliyofika Berkeley, Marekani, kwa wanasayansi wa vinasaba Russell Higuchi na Allan Wilson.

Hapo ndipo ninapovua kofia. Mnyama akifa, vinasaba vyake hukatikakatika, vikabaki chenga tupu. Njia ya kunakili kipande kimoja mara mamilioni, ambayo leo ni kazi ya kila siku maabara, ilikuwa haijaenea. Ilibidi chenga hizo zipandikizwe kwenye virusi vya bakteria, vizaliane, kisha makundi yapekuliwe kutafuta yenye kipande cha kwaga. Mwaka 1984 wakatangaza herufi 229 za vinasaba vya kwaga. Basi, 229! Walipozilinganisha na za punda milia wa milimani, 12 zilitofautiana, nyingi zikiwa za aina isiyogeuza protini. Mabadiliko ya kurithiwa huwa hivyo, uozo haungechagua. Kwaga akahesabiwa upande wa punda milia, na ikawa mara ya kwanza kwa mnyama aliyetoweka kusomwa vinasaba vyake.

Mwaka 2005 ngozi na mifupa zaidi vilionyesha kuwa kwaga alikuwa tawi la punda milia wa nyika, yuleyule tunayemwona Serengeti na Tsavo.

Rau hakutosheka na ngozi. Tangu 1987, yeye na wenzake walichagua punda milia wenye milia hafifu na kuwazalisha, kizazi baada ya kizazi. Wapo sasa wenye makalio ya kahawia karibu bila mlia. Kwangu mimi hiyo ni rangi iliyorudi, siyo kwaga, na jina wanaloitwa linasema kweli: kwaga wa Rau.