Fundi wa Diski Kati ya Lodwar na Kakuma

Fundi wa kwanza niliyempelekea SSD yangu mpya, mjini Lodwar, alishika bisibisi kabla sijamaliza kueleza. Wa pili, Kakuma, kilomita kama 120 mbele kwenye barabara ya Lokichoggio, aliniuliza: "Haionekani kabisa, ama inaonekana halafu inakataa?" Tangu siku hiyo nampima kila fundi wa kompyuta kwa swali hilo.

Hayo ni maradhi mawili. Diski isiyoonekana hata kwenye BIOS, taabu yake huwa kwenye tundu, kebo, umeme au aina yenyewe. Inayoonekana huko lakini Windows ikasema haijaanzishwa, pengine haiumwi kitu: diski mpya mara nyingi hutoka kiwandani tupu, bila jedwali la mgawanyo, na inangoja uchague aina ya jedwali, MBR au GPT. Fundi anayejua huchagua GPT kwa mashine ya kisasa, na anaweza kukueleza sababu: MBR haivuki takriban TB 2.

Mtazame anavyoishika ile nyembamba ya M.2. Aliye bora huipeleka kwenye mwanga, akaangalia mapengo kwenye meno yake ya dhahabu, kisha akasoma lebo pia. Mapengo mawili mara nyingi ni diski ya aina ya SATA, moja ni ya NVMe, lakini zipo NVMe zenye mawili, kwa hiyo pengo peke yake si ushahidi. Diski ya SATA huingia vizuri kabisa kwenye tundu linalopokea NVMe tu, skrubu ikakaza, na isionekane milele. Wengi wamerudisha diski nzima dukani kwa kosa hili.

Kipimo kikubwa zaidi ni ile inayoonekana, ukabonyeza kuanzisha, ikajibu kwa ujumbe wa kosa. Fundi mbovu hubonyeza tena na tena. Mzuri huandika maneno ya ujumbe, kisha hubadilisha kitu kimoja kimoja: kebo, tundu, kasha la USB, mwisho kompyuta nyingine. Akibadilisha vyote kwa pamoja hatajua kilichoponya.

Akifikia amri ya kufuta, nyamaza umsikilize. Windows huzipa diski namba, 0, 1, na namba hizo zinafanana mno kwa mtu aliyechoka na joto la Lodwar linalopita nyuzi 35. Ninayemwamini huichomoa kwanza diski ya zamani. Isipowezekana, husoma ukubwa kwa sauti mbele ya mwenyewe kabla ya kugusa kitufe. Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992, na wapo watu humo ambao picha za ndugu walioachwa ng'ambo ya mpaka ziko kwenye diski moja tu, bila nakala. Fundi asiyeuliza "hii ya zamani ina nini?" simpi mashine yangu hata kwa bei ya bure.

Stima nayo ina sehemu yake. Vibanda vingi vya Kakuma hutegemea jenereta au sola, na jenereta huzimwa bila taarifa. Mwenye busara hafanyi kazi ya diski kwenye laptopu ambayo betri yake imekufa.

Kuna pia bandia. Kasha limeandikwa TB 2, ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu iliyogandishwa kwa gundi. Ukubwa unaosomeka kwenye skrini hauthibitishi kitu. Lazima diski ijazwe data yote kisha isomwe tena, kwa programu kama H2testw au F3. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, kwa hiyo anayekuambia "rudi kesho" huenda ndiye mkweli. Aangalie pia saa ilizowahi kuwaka: "mpya" yenye maelfu ya saa si mpya. Ila usimlaumu kwa diski ya GB 500 kuonyesha 465. Kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.

Yangu ilijaribiwa kwenye mashine tatu na ikakataa zote. Fundi wa Kakuma alinirudishia diski ya zamani ndani ya laptopu, ikiwaka, na karatasi iliyoandikwa ujumbe wa kosa, tarehe, na mashine alizotumia. "Mpelekee aliyekuuzia," akasema, "pamoja na risiti." Akakataa kulipwa zaidi ya pesa ya kuangalia.