Rimoti Apewe Bibi

Kila ukoo una mpishi wake wa pilau la shughuli na mzee wake wa kupeleka posa, na siku hizi una mtu wake wa picha. Simsemi mpiga picha. Wapiga picha tumekuwa sote, hata mtoto wa darasa la pili anayenyakua simu ya mama yake. Namsema yule anayekuja baadaye: anayewaandama ndugu wiki nzima wamtumie walizonazo, akajifungia nazo, kisha usiku wa Idi au mkesha wa harusi akachomeka flashi ubavuni mwa runinga, na sebule nzima ikaacha habari za bei ya mchele. Halipwi. Mshereheshaji hamtaji. Akisimama kurekebisha waya anaambiwa akae, anaziba.

Mimi namhesabu fundi, tena wa daraja la juu, na ninaye wa kumtolea mfano: mpwa wangu wa Tanga, ambaye mchana ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, na usiku ndiye mlinzi wa picha za ukoo mzima.

Ufundi wake unaanzia kwenye kukataa. Zamani chombo chenyewe kilikulazimisha kukataa: projekta ya Kodak Carousel, iliyoingia madukani Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa na kikapu cha duara kilichobeba slaidi 80. Kila slaidi ilichomekwa kichwa chini ili ukutani isimame sawasawa, kwa hiyo mpangaji aliishika moja moja kwa vidole, akaitazama mwangani, akaamua. Kikapu kikijaa kimejaa. Kodak waliacha kutengeneza projekta hizo mwaka 2004, na kikomo kile kikaondoka nazo. Hata Photo CD yao ya mwaka 1992, diski ya kutazamia picha kwenye runinga, ilichukua kama picha 100 tu. Leo flashi ya bei ya sahani mbili za chipsi inameza maelfu, na runinga haina adabu ya kukuambia kwamba wageni wamechoka.

Ndiyo maana maonyesho mengi ya majumbani ni adhabu. Keki inakatwa katika picha thelathini, kisu kikishuka nywele kwa nywele. Mpwa wangu huacha moja. Keki ilikatwa mara moja, husema, na hapo mjadala umekwisha hata kama bibi harusi amenuna.

Kukataa huko si kwa picha mbovu peke yake. Simu za sasa hujitungia maonyesho zenyewe: zinachagua nyuso, zinatia muziki, zinakuletea asubuhi kana kwamba ni zawadi. Simu inajua sura na tarehe. Haijui kwamba yule anayecheka katikati tumemzika mwezi uliopita, wala kwamba aliyemshika bega ni mtalaka wake, na watoto wao wawili wako hapo mkekani wanatazama. Mpwa wangu hupita nyumba kwa nyumba kuuliza kabla ya siku yenyewe. Wako wasiotaka picha ya marehemu ionekane kabisa, kwa sababu za dini au za uchungu. Wako waliokuja kuisubiri hiyo tu. Picha za mtalaka huwauliza watoto, hamuulizi baba. Sijui alifundishwa na nani, lakini kama kuna somo la uhariri linalofaa kutolewa vyuoni, ni hilo.

Kisha ni mpangilio, na hapa runinga ni mwanafunzi mkaidi. Nyingi husoma majina ya faili herufi kwa herufi, kwa hiyo baada ya picha ya 1 huja ya 10, halafu ya 11, na ya 2 inakuja wakati watu wameshakwenda kunawa. Dawa yake ni sufuri: 001, 002, 003. Tabu kubwa zaidi ni saa. Picha za harusi moja hutoka kwenye simu nane na kamera mbili, na daima kuna kamera moja ambayo mwenyewe hakuwahi kuirekebisha tarehe, ikidhani bado tuko mwaka ilipotengenezwa. Ukizipanga kwa saa zilizoandikwa ndani, bibi harusi anashuka kwenye gari la mumewe kabla hajapakwa hina. Mpwa wangu hutafuta tukio moja ambalo simu zote zimelipiga, mathalani kuvishana pete, akapima kila simu imekosea kwa dakika au miaka mingapi, akazisogeza zote zikalingana.

Huo ni uvumilivu, na mtazamaji hauoni, kama asivyoona mishono ya ndani ya kanzu.

Mengine niyapitie haraka, ingawa yeye hayapiti haraka. iPhone tangu mwaka 2017 huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, ambao runinga nyingi hazifungui. Anazigeuza zote ziwe JPEG. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa zikapoteza ukali wake, kwa hiyo anawataka watu wazitume kama faili. Kuna picha zinazolala ubavu: kamera haikuigeuza picha yenyewe, iliandika tu ndani ya faili kwamba igeuzwe, na runinga ya zamani haisomi maelezo hayo. Anazigeuza kwa mkono. Wale wanaojigamba kwa megapikseli 50 nao wajue kwamba kioo cha HD Kamili kina nukta 1920 kwa 1080, takriban milioni mbili basi. Zilizobaki zinaishia mlangoni.

Hesabu inayonifurahisha ni ya picha za wima. Runinga ni pana, uwiano wa 16 kwa 9, na sisi tunashika simu wima. Picha ya namna hiyo ikipandishwa kwenye kioo chenye kimo cha nukta 1080 inachukua upana wa 810 tu, na zaidi ya nusu ya runinga inabaki nyeusi. Wengi huikuza ijae, wakakata kichwa juu na viatu chini. Mpwa wangu huzioanisha. Mbili zikikaa bega kwa bega zinachukua 1620 kati ya 1920, na nafasi inayosalia inatosha kuwa pambizo la heshima. Lakini baada ya hesabu kuna swali ambalo hesabu hailijibu: nani akae na nani? Aliwahi kumweka mama akiwa na miaka kumi na minane kando ya binti yake wa miaka kumi na minane, wote wameegemea nguzo ileile ya baraza. Hakuandika neno lolote juu yake. Mama mtu alipoiona alipiga ukelele uliowatoa wapishi jikoni.

Rangi nazo zina historia yake. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha zilirekebisha rangi kwa kufuata kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi zetu zilitoka zilivyotoka. Watu wa makamo wanazikumbuka picha za shule ambamo meno na soksi ndivyo vilivyoonekana. Runinga ya leo ina dhambi yake nyingine: nyingi huwekewa hali ya rangi kali, iwavutie wateja chini ya taa za duka. Sebuleni usiku hali hiyo inamfanya shangazi awe rangi ya chungwa na mjomba apotelee ndani ya koti lake. Jambo la kwanza mpwa wangu akishika rimoti ya nyumba yoyote ni kuingia kwenye mipangilio na kuchagua hali ya sinema. Wenye nyumba hulalamika kwamba runinga yao imefifia. Kisha inapita picha ya mtu wanayemjua, na rangi yake ni ile wanayoijua, nao wananyamaza.

Nimefika kwenye muda, na hapa ndipo fundi anapotengana na mbabaishaji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mpiga picha wa Marekani Nan Goldin alianza kuonyesha slaidi za maisha ya rafiki zake katika vilabu vya usiku vya New York, na rafiki zake hao hao walikaa mbele wakijitazama. Akawa anaongeza, anaondoa, anapanga upya. Kazi hiyo, The Ballad of Sexual Dependency, ilikua ikafika karibu slaidi 700 kwa kama dakika 45. Gawanya: hazifiki sekunde nne kwa picha. Naamini kasi hiyo ilimfaa, kwa sababu maisha aliyokuwa akiyaonyesha yalikuwa yanaponyoka. Sebuleni kwetu sekunde nne ni dhuluma. Picha ya watu ishirini mbele ya nyumba ina kazi nyingi: kila mmoja anajitafuta kwanza, anajilaumu unene, anamtafuta mama yake, ndipo anaanza kuitazama picha. Mtu akiwa peke yake ameketi kitini hahitaji muda huo, ila kama ndiye babu.

Na muda si wa kukaa tu, ni wa kuondoka pia. Mwaka 1854 David Livingstone alimwonyesha chifu Shinte wa Walunda, karibu na mpaka wa leo wa Zambia na Angola, picha za taa ya kurushia vivuli, babu wa projekta. Ya kwanza ilikuwa Ibrahimu akiwa ameinua kisu kumchinja mwanawe. Kwa maelezo yake katika kitabu cha safari kilichotoka mwaka 1857, wanawake wa pale walitazama kwa utulivu wote mpaka alipoisogeza picha aibadilishe. Kisu kikaonekana kinawajia wao. Walitimka wakiangukiana, wakapita juu ya miche ya tumbaku, na hakuna aliyerudi. Shinte mwenyewe alibaki hadi mwisho, kisha akakichunguza chombo kile. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho juu ya watu wasiojua. Nadhani wao ndio waliotazama vizuri. Picha ikiwa imetulia haikuwatisha. Kilichowatisha ni namna ilivyoondoka, na aliyeiendesha hakuwa amelifikiria hilo.

Wanaopenda madoido wangejifunza hapo. Programu za kompyuta zimejaa mbwembwe: picha inajikunja kama ukurasa, inapasuka vipande, inamwagika mioyo. Mpwa wangu hutumia mbili tu, kukata moja kwa moja, na kufifisha taratibu pale miaka inapopita kati ya picha na picha. Ule mtindo wa picha kutambaa polepole anaukwepa. Umaarufu wake unatokana na filamu za Ken Burns, hasa ile ya mwaka 1990 juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, hata kampuni ya Apple ikauita kwa jina lake. Kwa Burns kulikuwa na mtu aliyeamua macho yaanzie wapi na yatue wapi. Programu ikiachiwa yenyewe inaanzia usoni mwa bibi na kuishia kwenye pazia.

Juu ya muziki tunabishana. Ukumbini, mbele ya wageni mia tatu, mimi nasema taarabu ipigwe, kwa sababu hakuna atakayesikia chochote vinginevyo. Nyumbani yeye hataki sauti yoyote, na hapo nimemkubalia. Sauti ya onyesho la sebuleni ni ya waliokaa. Nikiwa mkweli, picha zenyewe ni kisingizio cha kuwafungua vinywa watu ambao kwa mwaka mzima wamesalimiana kwa ujumbe.

Ndiyo sababu, akishapanga yote, sekunde na mpangilio na rangi, anafanya jambo ambalo mafundi wengi wangelikataa: anampa rimoti mtu mzima kuliko wote. Anamwonyesha kitufe cha kusimamisha na cha kwenda mbele, basi. Bibi anapita juu ya picha za ufukweni ambazo wajukuu walizipigania, na anasimama robo saa kwenye picha iliyofifia ya albamu, ya sentimita 9 kwa 13, ambayo kwenye kioo cha inchi 55 imekua mara saba. Vijana wanamwona mwanamume aliyevaa kofia. Bibi anatazama nyuma yake: mwembe uliokatwa, dirisha la jirani, mtoto anayechungulia ambaye hakuna aliyewahi kumwona kwa miaka yote picha ikiwa ndogo.

Picha za albamu mpwa wangu huzipiga pande mbili, uso na mgongo. Mgongoni ndiko kwenye mhuri wa studio na mwandiko wa kalamu ya wino, na familia zenye mizizi Unguja zinaweza kukuta huko mhuri wa Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Mgongo wa picha ya mwenye kofia ulikuwa umelowa zamani. Umebaki mwaka bila jina. Idi iliyopita Bibi aliisimamisha hiyo. Yeye alisema ni kaka wa mumewe. Mzee mmoja akasema hasha, huyo ni mwalimu aliyepanga chumba cha mbele. Pilau likapoa. Ikabidi apigiwe shangazi aliye Muscat, akageuziwa simu kwenye runinga, naye akacheka mpaka akakohoa: nyote wawili mnaota, huyo ni dereva wa lori la chumvi, na mimi ninayo nyingine ambayo amesimama na lori lenyewe.

Mpwa wangu akaiwahi simu kabla haijakatwa. Itume kama faili, shangazi, tafadhali, na mgongo wake pia.