Maji Yashukayo, Ngazi Zisizofika: Michoro ya Meissonnier

Mhubiri aonapo ngazi katika mchoro hukimbilia Betheli. Aonapo maji hukimbilia ubatizo. Nasi tulifanya vivyo hivyo tulipoifungua kwa mara ya kwanza michoro ya Juste-Aurèle Meissonnier (1695–1750), mzaliwa wa Turin aliyekuwa fundi dhahabu wa mfalme wa Ufaransa. Kitabu chake cha mapambo, Livre d'ornemens cha mwaka 1734, kilichapwa Paris kwa mabamba ya shaba. Humo mna chemchemi za kujengwa, makombe ya bahari na ngazi zilizopinda.

Lakini zifuatwe ngazi hizo kwa kidole. Vidato vyapanda, vyapinda, kisha vyaishia penye ukingo wa kombe, pasipo mlango wala chumba. Kiendacho ni maji tu, nayo hushuka; hata jiwe lenyewe hujikunja mfano wa wimbi. Tukitaka kumtaja Yakobo, basi tukumbuke kwamba waliopanda na kushuka (Mwanzo 28) walikuwa malaika. Yeye alikuwa amelala.

Mwaka 1754 Charles-Nicolas Cochin, mchoraji wa mabamba, aliwadhihaki mafundi wa mtindo huu katika gazeti la Mercure de France, akiwasihi waache kupinda vitu ambavyo akili yataka vinyooke. Kuhusu nyumba, alisema kweli. Ila hizi si nyumba: michoro ya mapambo iliuzwa iwe vielelezo kwa mafundi fedha na wachonga mbao. Augsburg, mji tuujuao kwa Ungamo la mwaka 1530, nao ulikuwa katika karne ya 18 kituo kikubwa cha kuichapa michoro ya jinsi hii.

Tofauti yake yaonekana tukiweka kando yake Magereza ya Giovanni Battista Piranesi, yaliyotolewa upya mwaka 1761. Humo pia ngazi hazifiki, nazo zatisha, kwa kuwa zimewekewa watu wadogo wanaopaswa kuzipanda. Kwa Meissonnier hatutishiki, maana hatudaiwi kupanda. Kwa maoni yetu, huo ndio uzuri wake, na pengine ndio upungufu wake.

Basi mwalimu anayeileta michoro hii darasani asianze na mafumbo. Aanze na swali la fundi: ukingo huu, uliopinda kama wimbi, utafuliwaje kwa fedha?