Kiraka Kilicho Laini Kuliko Ukuta

Saruji inayojenga kisiwani Lamu, karibu yote, hupita Mokowe, upande wa bara. Lori linatoka Mombasa kwa barabara ya Garsen, linashusha mzigo karibu na gati, vijana wanaupakia mashuani, na ng'ambo ya pili punda ndio wanaoupandisha vichochoroni. Mfuko ni kilo 50, bei yake kila mtu anaijua, na hakuna mwashi asiyejua kuuchanganya. Kwa hiyo ukuta wa karne ya 18 ukianza kumeguka, mkono huenda kwenye mfuko huo kwanza. Hapo ndipo nakshi iliyostahimili kusi na kaskazi kwa zaidi ya miaka 200 huanza kupotea kwa kasi, na anayeipoteza ni mtu aliyekusudia kuiokoa.

Nazungumzia zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyochongwa ukutani. Katika nyumba ya kale ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yameifungua kwa wageni mjini Lamu, mtu hupita daka (baraza la mlangoni), akavuka kiwanda (ua), akapita msana wa tini na msana wa yuu (kumbi mbili ndefu), mpaka akafika ndani. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake unaamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Huko ndani ukuta mzima umechongwa vishubaka safu kwa safu, vilivyowekwa sahani za kaure, kwa chokaa iliyokatwa kwa kisu kabla haijakauka sawasawa.

Kwa mhifadhi, hii ndiyo sanaa ngumu kuliko zote, maana haihamishiki. Siwa mbili maarufu, baragumu za sherehe zilizomo Makumbusho ya Lamu, ile ya pembe iliyotoka Pate na ile ya shaba ya Lamu yenyewe, zina matatizo yake: pembe hupasuka hewa ikibadilika ghafla, na shaba huliwa na chumvi ikichanganyika na unyevu. Lakini siwa unaweza kuifungia katika kabati lake na kuitengenezea hewa inayoifaa. Kidaka hakina kabati. Kinaishi na ukuta wake, na ukuta unaishi na ardhi iliyo chini yake.

Basi tuanze na ukuta. Chokaa ya zamani ilitokana na matumbawe yaliyopangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa mpaka joto lifikie kama nyuzi 900. Kwa joto hilo jiwe hutoa kabonidayoksaidi iliyomo ndani yake. Likimwagiwa maji huchemka, hupasuka na kulegea kuwa uji mweupe, na uji huo ukipakwa ukutani huivuta tena kabonidayoksaidi kutoka hewani, polepole, mpaka unarudi kuwa jiwe. Jiwe hilo jipya lina vinyweleo vingi. Maji yanayopanda kutoka chini huingia ukutani na kutokea usoni pake yakiwa mvuke, na nyumba inabaki kavu kiasi cha kukalika.

Maji hayo hubeba chumvi. Imo ardhini, imo katika upepo wa bahari, imo katika matumbawe, na mara nyingi imo katika mchanga uliochotwa ufuoni na maji ya kisima yaliyokorogea chokaa. Chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 75, na ukishuka chini ya hapo hurudi kuwa fuwele. Hewa ya Lamu huvuka mpaka huo mara kwa mara. Kila ikishuka, fuwele hukua ndani ya vinyweleo na kuvisukuma mpaka vinapasuka. Ule unga mweupe unaofagiliwa asubuhi chini ya ukuta ndio mabaki ya mapambano hayo.

Sasa piga plasta ya saruji sehemu ya chini ya ukuta kama huo. Saruji ni ngumu na hupitisha mvuke kwa shida. Maji yakikosa njia mbele, hutafuta njia juu na pembeni, na juu na pembeni ndiko ziliko zidaka. Mwaka wa kwanza mwenye nyumba hufurahi kwa sababu kiraka ni kikavu na kimenyooka. Baadaye alama ya unyevu inapanda juu ya kiraka, nakshi inaanza kuvimba, na siku moja ua zima lililochongwa linabanduka likiwa na unene wa kidole. Saruji yenyewe bado imesimama imara, na kwa uimara wake inaonekana haina hatia.

Kazi ya uokoaji, ikifanywa inavyopaswa, huanza bila mwiko. Kwanza picha na mchoro wa ukuta mzima. Kisha mhifadhi hugongagonga kwa kifundo cha kidole, inchi kwa inchi, akisikiliza: palipoachana na jiwe hulia kama mtungi mtupu, na kila mahali pa namna hiyo hutiwa alama mchoroni. Kisha huachana na nakshi kabisa, akatoka nje kutafuta maji yanatoka wapi. Mara nyingi kisa ni bomba la bafuni linalovuja, au mfereji wa dari uliovunjika, au kichochoro kilichopandishwa kwa kifusi mpaka kikapita usawa wa sakafu ya ndani. Asipoyaziba hayo, kila atakachokifanya baadaye ni kupamba tu.

Saruji ndiyo hufuata, na hapa subira inapimwa. Hung'olewa kwa tindo ndogo kuanzia katikati ya kiraka kuelekea kingoni, na kabla ya hapo nakshi iliyolegea hubandikwa karatasi nyembamba au shashi ili isianguke kwa mtikisiko. Nyuma ya nakshi hiyo huingizwa chokaa nyepesi kwa bomba la sindano kupitia tundu dogo, tone kwa tone, huku mwingine akiegemeza kiganja. Saruji iliyoshikana na nakshi kupita kiasi huachwa. Milimita chache za kosa la zamani ni afadhali kuliko tundu jipya.

Wapo wanaopendelea kuimarisha nakshi kwa kupaka maji ya chokaa kwa brashi. Sikatai, ila hesabu yake ni ndogo: lita moja ya maji hayo hubeba chini ya gramu 2 za chokaa. Ukuta unaweza kunyweshwa mara nyingi ukaongezewa unyevu kuliko nguvu. Chumvi nayo huvutwa kwa karatasi iliyosagwa na kuloweshwa maji matamu, ikabandikwa, ikaachwa ikauke na kubanduliwa, kisha ikarudiwa.

Ndipo mwiko unapoingia. Kiraka kipya ni chokaa na mchanga uliooshwa, na ni lazima kiwe laini na chenye vinyweleo vingi kuliko kilichokizunguka. Hicho ndicho kiini cha ufundi huu, na ndicho kigumu kumweleza mwenye nyumba. Kiraka hicho kimewekwa ili kiumie: chumvi itokee pale, kimeguke, kibadilishwe baada ya miaka kadhaa, na nakshi ya asili isalimike. Mwashi anayeifahamu kazi yake hulaumiwa kwa sababu plasta yake inatoa unga, na anayeiharibu hupewa kazi ya pili.

Kuhusu kuchonga upya kilichopotea, Mkataba wa Venice wa 1964 kuhusu uhifadhi wa majengo ya kale unataka nyongeza ioane na kazi nzima lakini itambulike kuwa ni nyongeza. Kwa zidaka naona hivi: kama muundo unajirudia na pande zote mbili upo, uchongwe, ukizamishwa kidogo nyuma ya uso wa zamani. Kama hakuna ushahidi, paachwe peupe. Lamu iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa uhalisi wake, na ua la kubuni ni uongo hata likiwa zuri.

Chokaa haiharakishwi. Huwa jiwe kwa kadiri ya milimita 1 kwa mwezi, na kwa joto letu hulazimu kufunikwa magunia yaliyoloweshwa, ama sivyo hukauka kabla ya kushikana. Wala hatuwezi kurudia kuchoma matumbawe hai. Miamba ina kazi nyingine. Inabaki chokaa ya mfuko kutoka bara, nayo ina adui yake: ikikaa ghalani Mokowe miezi kadhaa katika hewa ya bahari, hugeuka chaki ndani ya mfuko. Njia ya kuipima ni rahisi. Chukua kijiko kimoja, koroga na maji, kisha mwagia siki nyingi. Ikitoa povu kwa nguvu, haifai tena kwa ukuta. Ikiwa nzima, itiwe maji siku hiyo hiyo ilipofika na ihifadhiwe chini ya maji pipani, kwa kuwa humo haizeeki.

Haya yote huamuliwa mapema kuliko watu wanavyodhani, katika karatasi ya zabuni. Ikiandikwa "kukarabati plasta" bila kutaja chokaa, aina ya mchanga na muda wa kuilowesha, mkandarasi atasoma saruji, ataleta saruji, na kwa mujibu wa mkataba atakuwa sahihi.